Swichi ya Kona: Somo Tulilolipata Katika Reli Ndogo ya Madrasa



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wazazi na wanafunzi, leo tunaweka kando kidogo makala zetu za fiqhi. Tunataka kujibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza mkipita madrasani: ile meza kubwa yenye reli ndogo ni ya nini, na inahusiana vipi na kufundisha dini?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru na Mto Luapula ili samaki wapate kuzaliana. Sisi tunaoishi hapa Kafutuma tunajua maana yake. Nyavu zinakunjwa, fedha inapungua majumbani, na vijana wanabaki na mikono mitupu. Mikono mitupu haikai bure. Ikikosa kazi ya kheri itatafuta nyingine vijiweni. Basi tulitafuta jambo la kuwakusanya watoto baada ya darasa la Qur'ani, jambo litakalowafanya wapime, wahesabu, washirikiane na wasubiri.

Ndugu yetu mmoja wa Lusaka, ambaye watoto wake wamekua, alituletea boksi la treni za kuchezea: injini moja, mabehewa mafupi sita, vipande vya reli vilivyonyooka na vya kona, na swichi nne. Swichi ni kile kipande kinachoigawa njia moja kuwa mbili. Katika zile nne, mbili zilikuwa za kawaida na mbili zilikuwa za kona. Makala haya yanahusu hizi mbili za kona.

JE, SI UPUUZI?

Mzazi mmoja alituuliza kwa adabu kama si upuuzi kuwachezesha watoto treni ndani ya madrasa. Tulimjibu kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mabawa, na Mtume (s.a.w.) alipomwona farasi huyo alicheka na hakumkemea. Tukamkumbusha pia kwamba Waislamu tumekuwa watu wa vyombo tangu zamani. Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mashine na saa za maji mwaka 1206. Reli ya Hijazi, iliyoanza kujengwa mwaka 1900 kwa amri ya Sultani Abdul Hamid II, na kwa michango ya Waislamu kutoka nchi nyingi, ilifika Madina mwaka 1908 baada ya safari ya karibu kilomita 1,300 kutoka Damascus.

Mtoto wa Luapula ana haja zaidi ya somo hili, kwa sababu mkoa wetu hauna reli. Ili aone treni ya kweli inabidi asafiri hadi Kasama, Mpika au Kapiri Mposhi, inakopita TAZARA. Wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kuisikia honi yake.

Tukaanza na hesabu. Upana kati ya reli mbili za meza yetu ni milimita 16.5. Upana wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam iliyokabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia tarehe 14 Julai 1976, ni milimita 1,067. Upana wa Reli ya Hijazi ulikuwa milimita 1,050. Watoto walizidisha 16.5 kwa 64 wakapata 1,056, yaani namba iliyo katikati ya hizo mbili. Injini tuliyopewa ni ya kipimo kingine cha Kiingereza, 1 kwa 76, lakini watoto hawakujali. Tangu siku ile wakaamua kwamba meza yetu upande mmoja ni Mpika na upande wa pili ni Madina.

KWA NINI TULICHAGUA SWICHI ZA KONA

Meza yenyewe ni ubao mmoja wa plaiwudi, wenye urefu wa milimita 2,440 na upana wa milimita 1,220. Juu yake treni inazunguka katika umbo la yai. Lakini reli ya njia moja inahitaji mahali pa kupishana. Ndivyo ilivyo hata TAZARA: njia ni moja, na treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni kwenye stesheni na kuisubiri nyenzake. Bila swichi hakuna kupishana, na bila kupishana reli nzima ina treni moja tu.

Swali likawa: swichi hizo tuziweke wapi?

Kona zetu za nje zina nusu kipenyo cha milimita 505, yaani huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi kwenye reli. Ukiacha milimita 50 kila ukingoni ili treni isianguke chini, na ukiondoa kona mbili, sehemu iliyonyooka inabaki milimita 1,330. Swichi ya kawaida ya aina yetu ina urefu wa milimita 168, na baada yake unahitaji kipande cha kona cha urefu kama huo ili njia ya pembeni irudi kuwa sambamba na njia kuu. Hiyo ni milimita 336 kila upande, jumla 672. Kwa hiyo ukiweka swichi za kawaida, mahali pa treni kusimama panabaki milimita 658 tu. Injini na mabehewa manne hapo tayari vimebanana.

Swichi ya kona inakaa ndani ya kona yenyewe. Njia zake zote mbili zinapinda upande mmoja, moja kwa nje na nyingine kwa ndani, na zikitoka hapo zinaingia kwenye sehemu iliyonyooka zikiwa zimekwisha kuachana. Hivyo karibu milimita 1,330 zote zinabaki kuwa stesheni. Ni karibu mara mbili, kwenye meza ile ile. Watoto walipoliona jambo hilo kwa rula yao wenyewe walipiga takbira.

Lakini kila neema ina masharti yake. Kwa faida ya wazazi watakaopenda kuwatengenezea watoto kitu kama hiki nyumbani, tunayaeleza yale tuliyoyazingatia.

Kwanza, pima mkunjo wa ndani, usiangalie wa nje tu. Mkunjo wa ndani ndio mkali, na ndio unaoamua ni behewa gani litapita. Watoto waliweka swichi juu ya karatasi, wakafuata reli kwa penseli, kisha wakachora maduara kwa uzi na msumari mpaka duara moja likalingana na mstari. Wakapata takribani sentimita 44. Wajuzi wa fani hii husema nusu kipenyo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Ukigawa sentimita 44 kwa tatu, unapata behewa lisilozidi sentimita 15 hivi. Mabehewa yetu ni mafupi, kwa hiyo tulikuwa salama. Mabehewa marefu ya abiria yangetusumbua.

Pili, linganisha swichi na meza uliyo nayo, si na meza unayoitamani. Kampuni ya PECO ya Uingereza inatengeneza pia swichi ya kona iliyo pana zaidi, ambayo kwa maelezo yao ina milimita 1,524 kwa nje na 762 kwa ndani. Ni nzuri na treni hupita kwa utulivu, lakini duara la nusu kipenyo cha 762 lina upana wa milimita 1,524, na ubao wetu mzima una 1,220.

Tatu, swichi yote ikae juu ya ubao mmoja ulio sawa. Unyevu wa ziwa na joto la bati hupindisha plaiwudi. Swichi ya kona ikijipinda kidogo tu, gurudumu moja linanyanyuka na behewa linaacha njia. Tuliweka kipande cha kioo juu yake kuhakikisha haichezi.

Nne, angalia zile ndimi mbili nyembamba zinazosogea. Treni inapokuja kwa kuzikabili, ulimi ndio unaoligeuza gurudumu. Ulimi usipolala vizuri kwenye reli, hata kwa nafasi ya chembe ya mchanga, gurudumu moja linaenda huku na jingine linaenda kule. Hapa kwetu mchanga haukosekani, kwa hiyo kabla ya kila safari mtoto mmoja hufuta ndimi kwa kitambaa kikavu na kuzibana kwa kidole.

Tano, pale reli za njia mbili zinapokatana pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, na katika swichi ya kona kipande hicho huwa kirefu kuliko katika swichi ya kawaida, kwa kuwa njia zinaachana taratibu. Injini fupi yenye mwendo mdogo huweza kuzimika hapo hapo. Chagua injini inayochukua umeme kwa magurudumu mengi, au swichi ambayo sehemu hiyo ina umeme. Treni hizi zinatumia volti 12, na sisi tunatumia betri ya sola kupitia kifaa cha kudhibiti mwendo.

Sita, na hili ndilo lililowashangaza wanafunzi: katika swichi ya kona, treni inayovutwa na treni inayosukumwa si sawa. Injini ikiwa mbele, mabehewa yaliifuata kwa utulivu kwenye mkunjo wa ndani kila tulipojaribu. Injini ikiwa nyuma inasukuma, hazikupita raundi nyingi kabla behewa la mbele halijapanda juu ya reli na kuanguka. Sababu yake ni rahisi. Ukivuta, behewa linafuata unakokwenda. Ukisukuma kwenye kona, nguvu inalibana behewa kuelekea nje, na gurudumu linapanda reli. Tulipunguza mwendo ikasaidia, lakini kuvuta kukabaki kuwa bora.

SWALI LA MWANAFUNZI

Siku moja msichana wa darasa la sita alituuliza: "Ustadhi, kila rakaa tunamwomba Allah atuongoze njia iliyonyooka. Sasa kwenye hii kona, njia zote mbili zimepinda. Ipi ndiyo iliyonyooka?"

Tunakiri kwamba swali hili lilitufurahisha kuliko hesabu zote. Katika swala tano za faradhi mna rakaa kumi na saba, kwa hiyo dua hiyo tunaiomba si chini ya mara kumi na saba kwa siku. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) Mtume (s.a.w.) alichora mstari ardhini ulionyooka, kisha akachora mistari mingine kulia na kushoto kwake, akawafahamisha maswahaba kwamba kila moja ya hiyo ina shetani anayeitia kwayo.

Tulimjibu kwamba unyofu wa njia ya Allah ni unyofu wa haki. Barabara yetu ya kutoka Mansa nayo ina kona, na bado inatufikisha nyumbani. Maisha ya mtu yana kona: baba hufariki, ziwa hufungwa, mwili hukua. Kona siyo upotofu. Jambo la kuangalia ni ulimi umelala upande gani wakati gurudumu linafika. Na hapo tukamwonyesha tofauti ya swichi zetu mbili. Katika swichi ya kawaida, njia moja inaendelea kunyooka na nyingine inakata, kwa hiyo hata mtoto mdogo anaona ipi imeacha. Katika swichi ya kona, zote mbili zinapinda pamoja, na mwanzoni ukitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Zinakuja kuonekana ni mbili wakati treni imekwisha kupita.

KIJANA WA SWICHI

Tunaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa miaka kumi na minne ambaye jina lake tunalihifadhi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa swichi zetu. Alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali, na alikuwa anakaribia kumaliza juzuu ya tatu. Baba yake amefariki. Mjomba wake ana boti inayovua upande wa kisiwa cha Isokwe.

Tarehe 1 Machi ziwa linafunguliwa, na shule zinakuwa katikati ya muhula. Tumewaona vijana wengi wakiondoka katika wiki hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutuambia kwamba anaacha masomo. Kila mmoja alisema ni usiku mmoja tu, kumsaidia mjomba. Halafu zinakuwa siku tatu kambini, kisha mwezi, na siku ya mtihani kiti kiko kitupu. Ilikuwa swichi ya kona. Mwanzoni njia zote mbili zilikuwa zinafanana.

Sababu siyo ada tena. Tangu 2022 serikali imeondoa ada katika shule za umma mpaka darasa la 12. Sababu ni unga, sabuni na deni la dukani, na mama aliye peke yake. Kwa hiyo kumwambia kijana "usiende ziwani" bila kuangalia sufuria ya mama yake ni kumsukuma kwenye kona.

Wiki moja kabla ya ziwa kufunguliwa tulimwomba mama na mjomba waje madrasani baada ya swala ya Alasiri. Hapa kwetu mjomba ana neno zito kwa mtoto wa dada yake, na tulimpa heshima yake. Hatukumlaumu, kwa sababu kazi yake ni ya halali na Nabii Daud (a.s.) mwenyewe alikula kwa jasho la mikono yake. Mjomba alisikiliza, kisha akasema: "Ustadhi, najua kitabu ni kizuri. Lakini dada yangu atakula nini Jumanne?"

Tulikaa mpaka Magharibi. Mjomba aliiangalia ile meza, akamwambia kijana aiendeshe treni. Kijana akaipitisha kwenye mkunjo wa ndani kwa kuivuta, kisha akaisukuma kinyumenyume ili mjomba wake aone behewa linavyoanguka. Mjomba alicheka sana, akaomba kujaribu mwenyewe.

Makubaliano yalikuwa haya: kijana ataingia ziwani usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi tu. Fungu lake la samaki litapelekwa kwa mama yake moja kwa moja. Jumatatu hadi Ijumaa yuko shule, na jioni yuko nasi. Nasi madrasa tulikubali kuhamisha kipindi chake cha Jumapili asubuhi kiwe baada ya Adhuhuri, ili apate kulala.

Hatutawaambia kwamba mambo yote yamekuwa rahisi. Katika wiki ya tatu Jumatatu ilifika na kijana hakuonekana. Upepo ulikuwa mkali na boti zililala kisiwani. Jumanne mchana mjomba alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, miguu yao yote miwili ikiwa na matope, akasema: "Nimekuja naye." Hakusema zaidi, na hatukuhitaji zaidi. Kijana anaendelea, na tunamwomba Allah amthibitishe.

KWA WAZAZI

Ndugu zetu, treni ya Haramain iliyoanza kubeba abiria kati ya Makka na Madina mwaka 2018 inakwenda kilomita 300 kwa saa, kwa kuwa wahandisi waliipa kona pana sana. Sisi wengi hatuna nafasi hiyo. Meza yetu ni ndogo na kona zetu ni kali, na ndiyo maana inabidi tuangalie swichi mapema. Tazama tarehe zinazomgeuza mtoto wako: ziwa kufunguliwa, matokeo ya mtihani, kaka mkubwa kuhama, rafiki mpya mwenye simu. Kaa naye kabla ya siku hiyo, wewe na wale wenye neno juu yake. Na ukitaka apite njia ya ndani, tangulia wewe. Ukimtaka aswali Alfajiri, amka kwanza.

Meza iko wazi kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, na wazazi wote mnakaribishwa, kina mama na kina baba. Tunahitaji vipande vya plaiwudi, misumari midogo, na mtu mwenye ujuzi wa umeme wa sola wa kutufundisha kutunza betri. Kwa sasa mshika swichi ni yule msichana wa darasa la sita siku za Jumamosi, na yule kijana siku za wiki.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu walioko nchi kavu na walioko majini, awape wazazi subira, na atujaalie sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.